Majani Ishirini ya Shina Moja

Maabara ya Mbegu, chumba namba 9
6 Februari

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na ukiwa umekaa, maana ukisoma umesimama huanza kujibu kabla hujafika mwisho. Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua akipanda ngazi, lakini mdomo haumsumbui hata kidogo. Asubuhi ya leo amenituma nikusalimie, kisha akaniita nikiwa nimeshafika mlangoni, akanituma nikugombeze kuhusu simu. Anasema mtu mzima aliyeangusha simu ndani ya beseni la kupimia pancha anunue nyingine, asikae miezi minne akisema anapumzika.

Mkaza mjomba hajambo? Na kifua chako je? Kuna mtu ameniuliza kama kile kikohozi kimekwisha, nikaahidi kukuuliza.

Sasa nije kwenye neno lililonishikisha kalamu. Mwezi uliopita tulikuwa tunapanga upya chumba cha baridi, kile tunachohifadhia mbegu za wakulima. Kwenye rafu ya chini kabisa nikaokota chupa ya kioo yenye kunde nyeupe, zenye kope nyekundu penye jicho. Mjomba, nilizijua kabla sijasoma kadi. Kadi imeandikwa kwa mkono, miaka thelathini na miwili iliyopita: "Kunde. Zimetolewa na mjane mfinyanzi, mama wa watoto watatu." Nilikaa sakafuni na chupa ya Bibi mapajani mpaka bosi wetu akanikuta. Huyu bosi tunamwita Miwani, kwa sababu kutwa anaitafuta miwani yake huku ameipandisha kichwani. Hakunikaripia. Aliniambia tuzioteshe.

Tukapanda hamsini kwenye pamba yenye maji. Siku kumi, halikutoka hata chipukizi moja. Zimezeeka, zimekufa. Lakini mbegu iliyokufa bado vinasaba vyake vinasomeka, na tumevisoma. Wewe husema baiskeli haijulikani kwa rangi, hujulikana kwa namba iliyogongwa kwenye fremu, kwa kuwa rangi mtu hupaka upya jioni moja tu. Basi na mmea una namba zake. Sisi tunaziita alama za vinasaba, na kwenye kunde tunasoma alama ishirini na nne. Kwa macho, kunde za Bibi ni aina moja. Kwa alama, ni koo nne zinazoishi nyumba moja kwa amani.

Miwani amekubali chupa ijazwe upya kwa mbegu hai, ikiwa zipo bado kwa watoto wa yule mjane. Mama yangu alirithi vyungu. Kunde mlirithi nyinyi wawili, wewe na Mama Mkubwa, na tangu Bibi afariki, huu mwaka wa tisa, kila mmoja anasema zake ndizo zenyewe na za mwenzake ni za sokoni, na hamsemeshani. Haya, sasa kipimo kipo. Mama Mkubwa nimemwandikia pia, sikufichi. Mbegu itakayolingana na ya chupa ndiyo itakayoingia, na kadi itasema nani aliyeitunza.

Naomba majani ishirini machanga, jani moja kutoka kila shina. Kila jani ulitie kwenye kifuko chake pamoja na vile vipunje vya kukaushia nilivyotuma. Mwambie mkaza mjomba si vya kula.

Mpwa wako akupendaye

*

Karakana, chini ya bati
27 Februari

Mpwa wangu, Daktari wa Majani,

Marahaba, na ya kesho uichukue kabisa. Barua nimeisoma nimekaa. Mkaza mjomba wako alikuwa ameshaonja kipunje kimoja kabla sijafika aya ile. Ametema. Anasema hakina chumvi. Vinginevyo hajambo, anakusalimu, anauliza utaolewa lini, nami nimemwambia swali hilo posta hailibebi.

Kazi inakwenda kwa kusukumwa. Pikipiki zimetumaliza mafundi wa baiskeli. Jana nzima nimeziba pancha mbili, na moja ilikuwa ya baiskeli yangu. Kuhusu simu, mwambie mama yako sijapumzika, nimepona. Nikitaka kusikia watu wakilalamika natoka nje.

Huyo aliyeulizia kifua changu mwambie kimepona. Kama ana jina, alitaje.

Sasa ile chupa. Nimeisoma habari ile mara tatu, na mara ya tatu nikaenda kunawa uso. Siku ile nilikuwepo. Alikuja bwana mmoja na daftari, kaptura imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Mama akampimia kikombe kimoja, kisha akaongeza konzi mbili, akamwambia, "Na hizi za njiani." Hivyo ndivyo alivyokuwa, hakujua kutoa kilichosawazishwa. Bwana yule nadhani za njiani alizila.

Dada yangu mkubwa ni mtu mwema sana akiwa amelala. Siku ya kugawana kunde alinipimia kikombe cha kusawazisha na kidole, akajimiminia cha kilima, halafu akaniambia mbele ya watu, "Wewe utazila zote kabla mvua haijanyesha." Maneno hayo ninayo bado hapa kooni. Mimi sili mbegu. Mbegu zangu ndizo zenyewe, asiyeamini aje shambani.

Nauliza jambo moja, kwa ajili ya elimu tu. Hizo alama zinaonyesha mbegu ni ya ukoo gani basi, au zinaonyesha pia imepita mikononi mwa nani? Nauliza tu.

Majani haya hapa, ishirini kamili. Nimechuma mwenyewe asubuhi baada ya umande kukauka. Hayana tundu hata moja, wenzako wa maabara wasije wakasema umetoka kwa watu ovyo.

Mjomba wako, fundi aliyestaafu na mkulima asiyestaafu

*

Chumba namba 9
2 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama ameicheka ile ya pikipiki mpaka akasahau magoti. Yule mtu amefarijika kusikia kifua kimepona. Jina hajataka nilitaje, ila ameniuliza kama bado unafanya kazi juani bila kofia.

Majibu yametoka. Kaa kwanza.

Kunde za Mama Mkubwa zina koo tatu kati ya zile nne za chupa. Ukoo wa nne hana. Badala yake ana mgeni mmoja, kunde ya dukani, ambayo Bibi hakuwa nayo. Mwenyewe alishaniambia kwenye barua yake: miaka saba iliyopita alipungukiwa mbegu wakati wa kupanda, akaongezea kikombe kimoja cha dukani, na hajaacha kujuta. Alama zimemuunga mkono. Ni mkweli mama yule.

Majani yako, Mjomba, yote ishirini ni ya ukoo wa nne. Ule ule unaokosekana kwa dada yako. Nilipoona nilisimama nikazunguka meza. Miwani akaichukua ile karatasi, akaitazama, akaipandisha miwani, akaishusha, kisha akaniuliza, "Huyu mjomba wako anakaa na kunde ngapi?" Anasema chupa ina koo nne zimechanganyika. Mtu akichuma kwenye mashina ishirini, haiwezekani apate ukoo mmoja mtupu, na tena yote yafanane kama pacha mpaka alama ya mwisho.

Kwa hiyo nakuuliza kwa adabu zote. Ulichuma kwenye mashina mangapi?

Mpwa wako

*

Karakana
20 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Hapa wazima.

Moja.

Kuna shina karibu na bomba la maji, linapata maji ya kuoshea mikono, limestawi hata wapita njia wanasimama. Hayo ya shambani yametobolewa na wadudu, yamechakaa, mengine yana vumbi la barabara. Mtoto wa dada yangu kaniomba majani, nimpe yenye matundu? Sahani yenye ufa unamwekea mgeni na nzima unayo? Ungesema mapema kwamba mnapenda mabovu.

Lakini majibu si yametoka? Ukoo wa nne ninao mimi, dada hana. Nimeridhika. Mwambie huyo Miwani afunge jalada, ajaze chupa, tuendelee na maisha. Shambani nimeshavuna, hakuna jani tena la kutuma hata nikitaka.

Kofia ninayo. Aliyeuliza aambiwe.

Mjomba wako

*

Chumba namba 9
8 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Hatujambo, na Mama amepata dawa ya magoti inayonuka karafuu, nyumba nzima tunanuka karafuu.

Jalada halifungwi. Jani lenye matundu lina vinasaba vile vile kama lililo zima, mdudu hali alama. Kosa ni langu mimi. Niliandika "kila shina" nikasahau ninamwandikia nani. Lakini siwezi kujaza chupa ya koo nne kwa ukoo mmoja, wala kadi ya Bibi haiwezi kusema kunde zako ni shina la bombani peke yake. Utakapopanda tena, naomba ishirini kutoka mashina ishirini, pamoja na la bombani. Vifuko vimo humu, nimeviandika namba moja mpaka ishirini.

Mjomba, mbona nahisi hutaki? Kama kuna neno, niambie mimi.

Mpwa wako

*

30 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Majani haya hapa, mashina ishirini, na matundu yake. Namba 20 ndilo la bombani.

Sina habari nyingine.

Mjomba wako

*

Chumba namba 9
4 Septemba

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ya mwisho ilikuwa na mistari mitatu. Nimeisoma mara nyingi kuliko zile ndefu.

Nimekaa na majibu haya siku sita kabla ya kuandika. Nitayasema wazi, kwa sababu ndivyo ulivyonilea, na wewe uyapokee ukijua nani anayeyaandika.

Jani namba 20 ni ukoo wa nne, kama mwanzo. Hayo mengine kumi na tisa hayana ukoo wa nne kabisa. Kumi na saba ni ya zile koo tatu za Mama Mkubwa. Mawili yaliyobaki ni kunde ya dukani. Si kunde yoyote ya dukani, Mjomba. Ni ile ile iliyoingia kwenye shamba lake miaka saba iliyopita, alama kwa alama.

Wewe na yeye mligawana mbegu miaka tisa iliyopita. Kunde ya duka iliingia kwake miaka miwili baadaye. Basi kama ipo kwako, na kwako imekuja pamoja na wenyeji wake wale wale, hujaipata kwa Bibi. Uliniuliza Februari kama alama zinaonyesha mbegu imepita mikononi mwa nani. Kwa kawaida hazionyeshi. Mara hii zimeonyesha.

Sijamwambia mtu. Si Mama, si Mama Mkubwa. Miwani ameona karatasi, lakini pale nyinyi ni namba 41 na namba 42, na namba hazina undugu.

Lakini kadi ina nafasi inayouliza mbegu ilitoka wapi. Ya kwako nimeiacha wazi, nakutumia uijaze mwenyewe. Siwezi kuandika uongo kwenye kadi ya Bibi. Na ukweli wa mtu mzima siwezi kumwandikia mimi. Chupa zinafungwa katikati ya Novemba. Kama kadi haijakamilika, namba ya Bibi inafutwa kwenye orodha, na rafu wanapewa wengine.

Ngoja nikwambie pia lililo zuri, usije ukalipita kwa hasira. Zake zina koo tatu. Shina lako la bombani ndilo la nne. Nimetafuta kwenye mbegu za wakulima themanini na sita, ukoo ule haupo kwa mtu mwingine yeyote. Bila zake chupa haijai, na bila lako haijai vile vile.

Nakupenda, kadi wazi au iliyojaa.

Mpwa wako

*

Chumba namba 9
13 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo. Wiki ya sita hii. Mama anauliza kama umenuna, nimemwambia posta inachelewa. Posta haichelewi.

Kama nimekukosea adabu, nisamehe. Kama unaumwa, mkaza mjomba anipigie. Na yule anayeulizia kifua chako ameuliza tena juzi. Niliahidi nisimtaje na sitamtaja, lakini Mjomba, katika dunia hii una watu wangapi wanaojua kwamba huvai kofia?

Mpwa wako

*

Karakana
3 Novemba

Mpwa wangu,

Marahaba, tena marahaba, na hujanikosea adabu hata chembe. Mkaza mjomba wako hajambo. Mimi mzima wa mwili. Nilikuwa sijanuna, nilikuwa naona haya, na mtu wa umri wangu akiona haya hukaa kimya akitumaini litapita. Halikupita.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Basi sikiliza, na ukitaka kucheka, cheka, ila umsomee mama yako mwishoni mkiwa mmekaa.

Kunde alizonipimia dada siku ile nilizibeba mpaka nyumbani nimevimba kwa hasira. Nikaapa mdudu hatakula hata moja, na mvua itazikuta zote, ili yule dada aone. Watu wengine wanatia majivu. Mimi fundi, nikajiona mjanja kuliko majivu. Nikachukua mpira wa ndani wa tairi, nikazimimina zote humo, nikafunga ncha zote mbili kwa waya na kuzitia gundi ya pancha. Upepo haupiti, mdudu apite wapi? Halafu nikautundika mpira juu kabisa, chini ya bati la karakana, panya asiufikie. Miezi mitano ya kiangazi, mpwa wangu. Nilipofungua kuna mvuke ulitoka. Nilikuwa nimezipika. Nikapanda zote, haikuota hata moja. Dada alisema nitazila kabla ya mvua. Mimi nimefanya zaidi, nimezichemsha bila hata sufuria.

Iliyopona ni mbegu moja tu, iliyonidondoka pale bombani siku ya kujaza mpira. Ikaota yenyewe kwenye matope. Nikailea kama yai. Kila msimu najaribu kuipanda shambani, haitaki. Inapenda maji, huku shambani kwangu ni kukavu. Pale bombani tu ndipo inapokubali.

Sasa ningefanya nini? Nimeshajitapa kwa kila mtu. Miaka mitatu shamba langu halina kunde na nasema nimepumzisha udongo. Mwaka wa nne nikaenda kwa dada. Saa saba mchana, jua la utosi, watu wote wamejifungia ndani. Kunde zake zilikuwa zimesimama pembeni ya shamba. Nikavua shati, nikafunga mikono yake, nikafunga kola, nikajaza. Nikarudi kwa njia ya bondeni, kifua wazi, nikiomba nisikutane na mtu. Nilikutana na mbuzi, nikamsalimia. Tangu siku hiyo nimepanda kunde za dada na kuwaambia watu kwamba dada anapanda za sokoni. Hiyo ndiyo namba ya fremu uliyoisoma.

Barua yako ya Septemba niliikunja nikaitia chini ya kisanduku cha spana. Kila nikitafuta spana naiona. Nikasema nitakujibu kwamba nilinunua sokoni, na kumbe sokoni zililetwa na dada. Nikaiandika kabisa. Njia ya mwongo ni fupi, ilifika mstari wa pili ikakatika, kwa sababu dada hajawahi kuuza kunde maishani mwake na wewe unalijua hilo. Mkaza mjomba wako akaniona nachana karatasi. Nikamweleza. Akaniambia, "Miaka tisa nimekaa na wewe nikidhani una kiburi, kumbe una aibu tu. Nenda." Basi. Mwanamke yule anajua kufupisha.

Mkono mtupu haulambwi. Nikachuma za bombani, zote zilizokauka, zikajaa nusu ya kopo. Juzi saa nne asubuhi nikavaa shati la kutokea, nikaenda, nikapita barabara kubwa.

Nilimkuta amekaa uani kwenye kigoda, anapepeta kunde. Amezeeka, mpwa wangu. Hukuniambia. Hakusimama, hakuniuliza nimefuata nini. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno, yana mwanzo na kati na mwisho, yakaniruka yote. Nikasema, "Dada, shikamoo. Naomba mbegu." Nilikuwa nimebeba hilo neno moja kwa miaka sita kama gunia la mawe.

Akapepeta mara mbili. Akapuliza makapi. Halafu, bila kuinua uso, akaniambia, "Umeleta mfuko, au utabebea tena kwenye shati?"

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi.

Alikuwa dirishani siku ile. Ameniona tangu navua shati mpaka naingia bondeni. Nikamuuliza mbona hakupiga kelele. Akasema, "Nimpigie kelele mdogo wangu anachukua kunde za mama? Kilichonikera ni kwamba ulichuma mbichi. Ungengoja wiki mbili zikauke. Nilikaa nikiwaza hazitaota." Halafu akanionyesha kwa kidole mstari wa mwisho wa shamba lake, ule ulio karibu kabisa na njia. Anasema anaupanda kila mwaka, miaka sita sasa, na hauvuni mpaka wengine wote wameshavuna, kwa ajili yangu, kama zangu zitaharibika tena. Mbuzi wa jirani wamenenepa kwa mstari wangu.

Nikamwambia kwa hiyo miaka yote hii ulijua na ukaacha niseme zako ni za sokoni. Akasema, "Uliiba, nikanyamaza. Ulinisema, nikanyamaza. Nilichokuwa nakigombania ni kimoja, uje mlangoni uombe, nikupe kwa mkono wangu. Kumbe kwako ni mbali hivyo." Hapo nililia, na sioni haya kukuandikia. Yeye hakulia. Alisema ni vumbi la makapi.

Nikampa kopo. Akalitazama, akamwaga konzi moja kwenye ungo, akaziviringisha kwa kidole. Mimi naona kunde, yeye akasema, "Hizi zilikuwa za kule chini kwenye majimaji. Nilidhani zimekwisha." Hana mashine, mpwa wangu, hana karatasi. Mwambie Miwani. Ila za dukani hakuzijua, tumechambua mpaka saa nane na bado tumebishana punje kwa punje, ameniambia sioni, nimemwambia yeye haoni zaidi. Tumekuachia nyinyi mtutolee.

Mbegu zimo kwenye kifurushi. Mfuko mkubwa ni wa koo tatu, ameujaza yeye, akasawazisha kwa kidole kisha akaongeza konzi mbili. Mfuko mdogo ni wa bombani. Wiki ijayo anakuja kuliona hilo bomba, anasema shimo lake ana uhakika nimelichimba vibaya.

Kadi nimeijaza mwenyewe. Penye mtunzaji tumo wawili, yeye juu kwa sababu ni mkubwa, na kwa sababu alinyakua kalamu. Penye mahali mbegu ilipotoka nimeandika: kwa dada yangu, nimeomba nikapewa. Usibadilishe hata herufi.

Mjomba wako